Rimoti Inayokubali Karibu Zote

Nani aliyewaambia watengenezaji wa rimoti kwamba mtu anayerusha helikopta za kuchezea anataka chaneli 18? Helikopta yangu inadai 6 tu: ya kwenda mbele na kurudi nyuma, ya kulalia kushoto na kulia, ya mkia, ya kasi ya mota, ya pembe ya mapanga, na ya kuiambia jairo ikaze au ilegee. Ukitaka makuu, ongeza ya saba ya kusimamia mizunguko ya pangaboi. Hapo tumeshiba. Hizo zinazobaki nizifungie nini, taa za harusi?

Lakini ndivyo matangazo yanavyokwenda. Chaneli 16, chaneli 18, kioo cha rangi cha kugusa, sauti ya dada inayokutajia volti za betri. Hakuna tangazo linalokuambia jambo la maana, yaani kama kidole chako cha shahada kitaifikia swichi ya kuzimia mota bila dole gumba kuachia stiki. Nitalirudia hili, maana linaniuma.

Rimoti yangu imezeeka. Kwa hewa hii ya Dar es Salaam, ukikaa upande wa bahari, chumvi inaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ndani ya stiki zake kuna kipande kinachosuguliwa kila unaposogeza kidole, na kikishalika, rimoti huanza kupeleka habari za uongo. Stiki imesimama katikati, mimi mwenyewe sijapumua, lakini ile sahani ya chini ya pangaboi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ndege ya mabawa ingevumilia. Helikopta ya saizi 450, yenye mapanga ya milimita 325 yanayozunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, haina subira hiyo, na mimi sina hamu ya kusimama mbele yake ikiwa imechanganyikiwa.

"Si ununue nyingine kama hiyo hiyo, baba Salma?" mke wangu akaniuliza.

Swali la busara, na jibu lake linaudhi. Toleo lile halitengenezwi tena. Chapa nyingine nazo, kila moja ina lugha yake. Futaba ya Japani ina FASST, Spektrum ya Marekani ina DSMX, FlySky ya China ina AFHDS 2A. Zote zinasafiri kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na hakuna inayoelewa neno la mwenzake. Zamani, Ulaya walipokuwa wakirushia megahezi 35, shida ilikuwa kinyume: wawili wakiwasha rimoti kwenye chaneli moja ya masafa hayo uwanjani, mmoja alikwenda nyumbani na vipande. Ilibidi kuulizana kabla ya kuwasha. Siku hizi hakuna anayeulizana, kila mmoja na yake, na ukitaka kuhama chapa, unahama na risiva, yaani vipokezi vya ndani, za helikopta zote ulizo nazo.

"Kwa hiyo rimoti moja," akasema mama Salma, akihesabu kwa vidole vitu vilivyoning'inia ukutani, "halafu risiva za ukuta mzima." Sikumjibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani alinichangamkia: "Shikamoo mzee, rimoti ya helikopta ipo, tena ina taa." Akanitolea kidude cha kuendeshea helikopta ya mtoto, ile ya kurusha sebuleni mpaka igonge pazia. Nilipomweleza ninachotaka, akatoa cha droni ya kamera. Kizuri, lakini stiki zake zote zina springi. Ukiachia, zinarudi katikati. Droni ya kamera ikiachiwa inasimama hewani kumsubiri mwenyewe. Helikopta ninayorusha mimi haina mtu wa kumsubiri. Stiki yake ya kushoto ni lazima ibaki pale pale ulipoiweka, na iende kwa ulaini, bila yale meno ya kukwaruza ambayo warusha ndege za mabawa wanayapenda. Nilimweleza haya yote kwa utulivu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mzee, chukua hii yenye taa."

Vijana wanaorusha droni za mashindano kule Kigamboni nao wana dini yao. "Anko, chukua ndogo kama hii, inaingia kwenye begi." Wanashika virimoti kama vya michezo ya kompyuta na vidole vyao havichoki. Mimi nashika stiki kwa dole gumba na cha shahada pamoja, nazitaka ndefu kidogo, na nazitaka kwenye boksi lenye uzito. Ukishapata mazoea ya vidole, huyabadilishi kwa sababu begi ni dogo.

Nikafikiria mtumba wa Japani, maana Dar ni mji unaojua mitumba ya Japani kuliko miji mingi. Bei nzuri, vitu vimetunzwa. Ila Wajapani wengi wanarusha modi 1, kasi na pembe ya mapanga zikiwa mkono wa kulia, na mimi ni wa modi 2, mkono wa kushoto. Kwa baadhi ya rimoti unaweza kufungua na kuhamisha springi, kisha ukabadilisha na menyu, ukishaikuta menyu yenyewe kati ya yale maandishi ya Kijapani. Nilimwachia mwenye kuyasoma.

Ndipo nikaambiwa kuna mwokozi. Rimoti za kisasa kama RadioMaster TX16S, iliyoingia sokoni 2020, hupatikana na moduli yenye chipu nne, inayoongea DSMX, AFHDS 2A, S-FHSS ya Futaba na lugha nyingine nyingi. Stiki zake zinasomwa kwa sumaku, hakuna kipande cha kusuguliwa, hivyo ule ugonjwa wa kutetemeka umetibiwa. Na bei, dola 200 hivi, ni ndogo ukilinganisha na za Wajapani. Nikamuuliza muuzaji kama inakubali risiva zangu. Akajibu, "Inakubali karibu zote."

Neno hilo "karibu" ndilo linaloangusha helikopta. FASST si S-FHSS, hata kama zote ni za Futaba, na muuzaji hajui tofauti wala hataki kuambiwa. Mwenye kununua aende na jina kamili la lugha ya risiva yake, limeandikwa kwenye kibandiko, na asikubali jibu lenye "karibu" ndani yake.

Hata hivyo niliiagiza. Kwenye makaratasi imeandikwa kifaa cha kurushia mawimbi ya redio, kwa hiyo ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliniita nieleze. "Mzee, unafungua kituo? FM?" Nikasema ni ya helikopta. Nadhani hapo niliharibu zaidi, kwa sababu aliita mwenzake.

Ilipotoka, ilikuja bila betri, kwani betri za lithiamu zina masharti mengi kwenye ndege. Inataka mbili za saizi 18650. Nikarudi madukani nikakuta zilizoandikwa mAh 9,900 kwa herufi za dhahabu, wakati nyingi za kweli za saizi hiyo zinaishia kama 3,500 tu. Muuzaji akaniambia hizo za 3,500 ni za zamani.

Sasa ipo mezani. Vipimo vyote safi, stiki laini. Ila swichi zenyewe zimepangwa kwa ajili ya mrusha droni: ya kuzimia mota, kwa vidole vyangu, nilitaka iwe bega la kulia kwa nje, na pale wameweka inayojirudisha yenyewe ukiiachia. Programu inaniruhusu kuchagua swichi yoyote, ila hainiruhusu kurefusha kidole. Hukumu yangu ni hii: rimoti ya helikopta ishikwe kwanza mkononi, isomwe baadaye, na hapa kwetu hakuna duka la kuishikia.

Kwa hiyo natoa ombi. Msomaji mwenye rimoti ya zamani kabatini, modi 2, chaneli 7 tu zinatosha, stiki hazijalegea, mhariri wa ukurasa huu ana namba yangu. Bei tutaelewana. Ila usinipigie kuniuliza kama inashika FM.