Jinsi ya Kununua Saundi Kadi Bila Kununua Taa

Kabla hujatia mguu Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi, jibu swali moja: ni midomo mingapi itaimba kwa mpigo? Achana na ile kwaya unayoiota usiku, yenye tarumbeta nyuma. Hesabu midomo iliyopo chumbani kwako leo. Kwa wengi jibu ni mdomo mmoja, pamoja na gitaa au kinanda. Basi matundu mawili ya kuingizia sauti yanakutosha, na anayekusukumia saundi kadi yenye matundu manane anakuuzia upweke wa matundu sita.

Ukifika dukani, muuzaji ataanza na kinachong'aa. Kina taa za kijani, buluu na nyekundu, na vitufe vimejaa hadi pembeni. Ukibonyeza hiki, umati unapiga makofi. Kile, watu wanacheka. Kingine kinaigeuza sauti yako iwe ya mtoto au ya zimwi. Ndiyo hiyo V8, pamoja na ndugu zake wote. Mwache amalize makofi, kisha igeuze uitazame nyuma. Pale ulipotarajia tundu la XLR, lile la duara la kuingiza waya wa maiki wenye pini tatu, mara nyingi utakuta vitundu vyembamba vya hedifoni ya simu. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa anayeenda laivu mtandaoni, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Lakini binti anayetaka kurekodi kaswida zake zisikilizwe miaka kumi ijayo hahitaji kitufe cha kicheko. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nawapenda vijana wanaorekodi nyumbani, na inaniuma kuona akiba ya miezi ikiishia kwenye taa.

Saundi kadi ina kazi chache. Inaipa nguvu sauti dhaifu inayotoka kwenye maiki, inaigeuza kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa, kisha inairudisha masikioni mwako na kwenye spika. Haiimbi. Ikiwa nzuri, ukishaizoea utasahau kwamba ipo mezani.

Sasa shika boksi. Mbele yake pana namba kubwa, 24/192, na muuzaji ataidonoa kwa kidole hiyo 192 hadi karatasi ichubuke. Tulia. Namba ya kwanza ni biti, ya pili ni kilohezi, yaani ni mara elfu ngapi kwa sekunde sauti inapimwa. CD iliingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na biti 16 na kilohezi 44.1, na hakuna aliyegoma kucheza muziki wake harusini. Sikio la binadamu, tena changa na zima, linasikia hadi karibu kilohezi 20. Ukipima kwa 44.1 unanasa kila kitu hadi nusu yake, yaani 22. Kinachobaki huko juu ni cha popo, na popo hawanunui nyimbo.

Diski yako, kwa upande wake, itaisikia hiyo 192 vizuri sana. Chukua wimbo wa dakika nne wenye traki 20, kila moja imerekodiwa kwa biti 24. Kwa kilohezi 48, faili zake zinafika kama megabaiti 690. Kwa 192 zinakaribia gigabaiti 2.8, na laptopu ya mtumba inaanza kuhema kabla hujafika kwenye kiitikio. Weka biti 24 na kilohezi 48, ufanye kazi. Hizo biti 24 zina faida ya kweli: huna haja ya kuipandisha sauti hadi taa nyekundu iwake. Acha vilele vyake viishie kwenye desibeli -12 hivi, ili mwimbaji akipandwa na mori ghafla sauti isipasuke.

Namba inayostahili kuulizwa mara nyingi haijaandikwa kwa herufi kubwa. Ni geini, uwezo wa kuipandisha sauti ya maiki. Maiki za daynamiki, kama Shure SM58 ambayo imekuwa majukwaani tangu mwaka 1966, hutoa sauti hafifu na zinahitaji kusukumwa. SM7B, ile nene yenye mkono wa chuma unayoiona kwenye kila podikasti, inataka desibeli 60 au zaidi. Tazama Focusrite Scarlett 2i2, saundi kadi nyekundu ya Waingereza ambayo ukiuliza habari hizi lazima utatajiwa. Ya kizazi cha tatu inafika desibeli 56. Ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2023, inafika 69. Zote nyekundu, zote zina jina lilelile. Aliyenunua ya kizazi cha tatu kwa ajili ya SM7B atazungusha kitufe hadi mwisho huku sauti ikiwa bado chini, na atailaumu maiki.

Kwa hiyo usinunue bila kupima. Nenda asubuhi, kabla duka la jirani halijafungulia maspika yake nje. Beba laptopu yako, maiki yako, waya wako na hedifoni zinazoziba masikio. Chomeka, kisha funga mdomo. Zungusha kitufe cha geini polepole hadi robo tatu huku ukisikiliza. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Ukisikia shaaa ya kitunguu kikitiwa kwenye mafuta ya moto, irudishe kabatini. Zungusha tena, mbele na nyuma, haraka kidogo: ikikwaruza, kitufe kimechoka au kimejaa vumbi, na hapo huna budi kuuliza kama ni mpya kweli. Shika plagi ya USB uitikise taratibu. Ikikatika kwa kutikiswa dukani, nyumbani itakatika katikati ya ubeti. Mwisho weka maiki umbali wa kiganja kutoka mdomoni, useme maneno mawili matatu kwa sauti yako ya kila siku, urekodi na kujisikiliza. Muuzaji akinuna kwa sababu umekaa sana, mnunulie soda. Ni bei nafuu kuliko majuto.

Jambo linalowatesa waimbaji kuliko yote ni sauti kuchelewa. Unaimba sasa, unajisikia baadaye kidogo kwenye hedifoni, na ulimi unaanza kujisubiri. Mwimbaji mzuri anaonekana hajui mdundo, kumbe anajifuata mwenyewe. Chanzo ni bafa, ile akiba ya sampuli ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 1024 kwa kilohezi 44.1 inakula milisekunde 23 kwenda tu, bado kurudi. Ukiishusha hadi 128 inakuwa kama milisekunde 3, muda ambao sauti inautumia kuvuka mita moja ya hewa. Kushusha bafa bila sauti kukatikakatika kunategemea draiva. Kwenye Windows tafuta saundi kadi yenye draiva yake ya ASIO, mfumo ulioletwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997. Kama maelekezo ya kampuni yanakutuma ukapakue ASIO4ALL, elewa kwamba draiva yao wenyewe hawakuiandika. Wenye Mac wana Core Audio, wao washukuru.

Ila kuna njia fupi: swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, inayokupa sauti yako kwenye hedifoni kabla haijapita kwenye kompyuta. Kwa anayeimba juu ya mdundo, swichi hiyo inamaliza ugomvi wote wa bafa. Kama saundi kadi haina, mimi siichukui, hata ikishushwa bei hadi nusu. Anayebaki na haja ya bafa ndogo ni mpiga gitaa anayetegemea efekti za kompyuta na mpiga kinanda anayetumia ala zilizomo ndani ya programu. Mpiga gitaa pia ahakikishe pana tundu au swichi iliyoandikwa INST. Bila hiyo gitaa la umeme linatoka limefubaa.

Habari ya umeme. Maiki ya kondensa inataka volti 48, nazo zinatoka kwenye saundi kadi, basi tafuta kitufe kilichoandikwa 48V. Kisha chagua saundi kadi inayojitosheleza kwa umeme wa USB. Hizi zenye adapta yao ya ukutani ni nzuri hadi siku TANESCO wanapokata: laptopu inaendelea na betri yake, saundi kadi imezima, na ule ubeti mtamu haurudi. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, usikimbilie kurudisha mzigo dukani. Chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mngurumo ukitoweka, saundi kadi haina kosa. Tatizo liko kwenye chaja, au soketi ya nyumba haina ethi. Rekodi kwa betri huku ukimtafuta fundi.

Rangi ya boksi, programu za bure zilizomo ndani na idadi ya nyota alizoipa jamaa mtandaoni vitakuchelewesha tu. Programu ya kurekodia ya Reaper inafanya kazi yote kwa leseni ya dola 60, na FL Studio yumkini unaijua tayari.

Umebakiwa na pesa? Vizuri, maana chumba kinakusubiri. Saundi kadi ya kati siku hizi inabeba tofauti ya desibeli zaidi ya 100 kati ya ukimya wake na sauti yake kubwa kabisa. Chumba chako hakina ukimya huo hata saa nane za usiku, na juu yake kuna bati, mvua na jogoo wa jirani asiyejua saa. Kwa hiyo nunua mablanketi mazito, yatundike nyuma yako unapoimba, si nyuma ya maiki peke yake, kwa kuwa maiki inasikia kinachogonga ukuta ulio mgongoni mwako. Simamisha godoro pembeni. Fungua kabati la nguo, nguo zinanyonya mwangwi bure. Zima feni.

Na waya wa maiki nunua miwili, yenye plagi za kufungulika ili fundi aweze kuchomelea upya. Mmoja utaazimwa na kwaya.