Namba ya Afande

Nikisikia tu kwamba mahusiano ya polisi na wananchi yanaboreshwa, najua jezi zinakuja. Na juzi zimekuja kweli: bodaboda wa Karatu dhidi ya maafande, uwanja vumbi jekundu, mgeni rasmi kachelewa mpaka jua linazama. Kijana wetu mmoja akabaki yeye na kipa. Tukasimama wote. Akaupiga mpira makusudi mpaka kwenye mahindi ya watu.

Mapumziko nikamfuata. Wewe vipi?

"Mzee, leseni yangu imeisha tangu Pasaka. Nikimfunga yule, Jumatatu nipite wapi? Lami yenyewe ni moja."

Ni moja kweli: inatoka Makuyuni, inapanda kutoka Mto wa Mbu, inaukata mji wetu katikati kwenda lango la Lodoare, Ngorongoro. Asubuhi malandikruza ya watalii yanapita, na trafiki kasimama pale, sare nyeupe pe. Huko nyuma ya lami, ambako wapishi na wafua mashuka wa mahoteli ya watalii tumepanga nao vyumba, usiku tunalindwa na filimbi.

Hiyo filimbi ndiyo ulinzi shirikishi, mtoto wa Polisi Jamii iliyopigiwa debe enzi za IGP Said Mwema, aliyelishika jeshi mwaka 2006. Ukoo wake ni sungusungu, waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo silipingi. Polisi hawatoshi, na mwizi wa mtaani anayemjua mpaka bibi yake ni jirani. Ila njoo Karatu mwezi wa saba uione baridi. Vijana wanakoka moto kwenye kona, wanajikunyata ndani ya makoti ya mtumba, na filimbi wanapulizia hapo hapo walipokaa, ili sisi tuliochanga tujue wapo. Mwizi naye anajua walipo. Nilimweleza kiongozi wao, akanijibu kwa adabu zote: "Sasa mzee, tukizunguka kimya si mtasema tumelala?"

Halafu kuna lile la mikutanoni: toeni taarifa, jina lako halitatajwa. Hapo ndipo watu wanapoanza kuangalia viatu vyao. Kila mtu ana binamu, wa mji mwingine kabisa, aliyemtaja muuza gongo asubuhi, na jioni muuza gongo akaja kumsalimia kwa jina. Tuseme nusu ya visa hivyo vimetiwa chumvi. Nusu iliyobaki inatosha kufunga midomo ya kitongoji kizima, na hakuna bonanza litakaloifungua. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilipokea maoni ya wananchi mwaka 2023, ikapendekeza mageuzi makubwa ndani ya polisi. Sikusikia popote ikipendekeza fulana.

Jambo ninalolipenda, na silifichi, ni polisi kata. Mkaguzi mmoja ndani ya kata, unamjua sura, namba yake imebandikwa kwa mtendaji. Wa kwetu alikuja mkutanoni kwa miguu, akaitaja namba polepole ili kina mama waiandike. Wakaiandika. Sasa anapigiwa kwa mpangaji aliyehama usiku na kitasa cha mlango, kwa deni la vitunguu vya Mang'ola, kwa mkwe asiyeamkia. Usiku wa juzi nikasikia mtu nje ya dirisha langu, saa nane. Nikapiga. Inatumika. Nikapiga weee, inatumika. Mwishowe akapokea, anahema.

"Mzee, nipo hapo nyuma yako. Kuna mama kaibiwa jogoo."

"Afande, kuna mtu dirishani kwangu!"

"Ana tochi?"

"Anayo."

"Na koti refu?"

"Mpaka magotini."

"Huyo wa ulinzi shirikishi, nimemtuma mimi. Mwambie aache kutafuta, jogoo tumemkuta kwenye sufuria."

Nikafungua dirisha, nikampa ujumbe. Akaniamkia vizuri, akazima tochi, akatoa daftari mfukoni na kuniuliza kama mchango wa mwezi huu nautoa sasa hivi au apitie asubuhi.