Pasi ya Nywele na Wakuu wa Nyumba Yangu

Ndugu msomaji, kama unaishi na mke, binti wa chuo na mama mkwe chini ya paa moja, huhitaji kuelezwa kwamba soketi iliyo karibu na kioo si yako. Kwetu Tabata ilishachukuliwa zamani. Simu yangu naichajia jikoni, kando ya friji, na maisha yanaendelea.

Mkasa wenyewe ulianzia Houston, anakoishi shemeji yangu tunayemwita Mama Mizigo, maana hajawahi kuja nyumbani mikono mitupu. Safari hii alileta pasi ya nywele ya titani inayong'aa, na kwenye kioo chake moto unapanda hadi 450. Binti yangu, Bi Kioo, alikuwa anajiandaa kwa sendofu ya binti wa jirani. Akatafuta adapta, akaichomeka. Adapta, ndugu yangu, hubadilisha miguu ya plagi tu. Umeme unabaki uleule. Kwenye mpini wa pasi ile paliandikwa volti 120, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, na nyumba yetu ina volti 230. Pasi ikawa inakula nguvu karibu mara nne ya ile iliyotengenezewa. Kabla haijagusa hata unywele mmoja, ikapiga pa! Swichi kubwa ikaanguka, nyumba nzima giza, na taarifa ya habari ikaniishia katikati ya sentensi.

“Kumbe mimi nilikuwa na akili,” akasema mama mkwe gizani. Huyu ndiye Bibi Makaa. Ujana wake wote alinyoosha nywele kwa chanuo la chuma lililowekwa juu ya jiko la mkaa. Kabla halijafika kichwani alilijaribu kwenye kipande cha gazeti: karatasi ikigeuka kahawia, chanuo linasubiri lipoe. Tulipokuwa tunatafuta mshumaa alitusimulia habari hizo zote, pamoja na majina ya wasichana walioungua masikio.

Kesho yake tukaenda Kariakoo, msafara mzima. Mke wangu, Mheshimiwa Spika, ndiye mwenye kutoa nafasi ya kuzungumza, na dukani hakumpa mtu. Nilimwangalia akifanya kazi nikamheshimu upya. Kwanza alisoma maandishi: volti 100–240, au alau 220–240. Pili, alitaka pasi inayoonyesha nyuzi kwa tarakimu, si ile yenye kitufe cha kuwasha na kuzima tu. Tatu, alipitisha kidole taratibu kwenye bapa likiwa baridi. Pasi nyingi za bei poa hupakwa seramiki juujuu, na rangi ile ikianza kubanduka hukwaruza na kunasa nywele. Mwisho akayafunga mabapa mawili akayainua kwenye mwanga wa mlangoni. Lililopitisha mwanga katikati alilirudisha, kwa sababu bapa lisilokutana vizuri litakulazimisha upitishe pasi palepale mara tatu. Titani aliiacha. Inapata moto upesi na kuusukuma kwa nguvu, hivyo inataka mkono wa msusi mzoefu. Tukarudi na ya seramiki, bapa la upana wa sentimita mbili na nusu, linalofika kwenye mashina ya nywele bila kugusa ngozi.

Sasa nikueleze kwa nini nalijali jambo hili, ingawa kichwa changu kinaishia kwa kinyozi. Bi Kioo amerithi nywele za marehemu mama yangu: kipilipili halisi, zilizojikunja kwa karibu. Nywele ni keratini, na umbo lake linashikiliwa kwa sehemu na vifungo vya haidrojeni. Moto huvifungua, na nywele zikipoa zimenyooka vinajifunga upya hivyohivyo. Maji huvifungua tena, ndiyo maana unyevu wa bahari wa Dar es Salaam unaweza kuharibu kazi ya saa mbili kabla hujafika ukumbini. Wenyewe wanalalamika nywele zimerudi. Mimi nafurahi, kwa sababu nywele zinazorudi ni nywele nzima. Moto ukizidi unaiharibu keratini yenyewe, na hapo hata ukiosha, zinaning'inia tu. Msusi wetu ana kauli moja kwa wateja wa namna hiyo: zilizoungua hazina dawa, zina mkasi. Na nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi.

Kwa hiyo sheria za nyumba zimepitishwa. Nywele zioshwe, zikaushwe kabisa na zichanwe. Zikiwa na maji, maji yale huchemka ndani ya unywele na kuupasua, na ukisikia “shii” ujue pasi imewahi. Mafuta ya kukinga moto yapakwe kidogo. Anza nyuzi 180, usivuke 200. Ile 450 ya Mama Mizigo ni ya Farenhaiti, yaani Selsiasi 232. Shika fungu jembamba, kitana kitangulie, pasi ifuate, mara moja.

Sheria ni nzuri, ila raia ndio hao. Juzi mdogo wa Bi Kioo, Fundi Majaribio, alikutwa ananyooshea pasi hiyo kola ya shati la shule, wanga umeganda kwenye bapa. Dada wa kazi, kwa moyo mwema, akaifuata na stilwaya. Nilimuwahi mlangoni. Bapa husafishwa pasi ikiwa imechomolewa na imepoa, kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Waya nao usizungushwe kwenye mpini. Huvunjikia shingoni, pale unapoingilia.

Jana Mama Mizigo amepiga simu. “Shemeji, nimewaonea driya moja nzuri sana!” Nimemshukuru kwa moyo wote, maana anawapenda wanangu. Nimemwomba tu apige picha ya maandishi ya volti na kunitumia kabla hajalipa. Picha imefika asubuhi hii: ni ya driya nzima, imepambwa kwa utepe mwekundu, na risiti pembeni.