Tairi Jeusi Tii, Kahe Vumbi Tupu

Kazi za bure duniani ziko nyingi, lakini ya kupaka dawa tairi la gari linalolala Kahe inaongoza. Nasema kama mkazi, sipigi porojo. Ukiiacha lami ya Himo ukashika njia ya kuteremka kwetu bondeni, hata mashamba ya mpunga hujayaona, tairi limeshapauka. Mvua ikinyesha usifurahi: vumbi lile lile linageuka tope, linaganda ndani ya rimu, na likikauka hulitoi mpaka kwa bisibisi.

Pamoja na hayo yote, Desemba ikifika, watu wanapopanda kutoka Dar kuja nyumbani "kuhesabiwa", hapa Kilimanjaro hakuna anayeulizwa afya ya injini. Swali ni tairi. Shemeji yangu hajamaliza hata kunisalimia, macho yapo chini.

"Shemeji, gari lako linaumwa?"

"Zima kabisa. Kwa nini?"

"Mbona matairi yamepauka hivyo? Tutaingiaje na hili kwenye sendofu?"

Basi tukapelekana mjini Moshi kuosha. Kijana akaja na ndoo, sabuni ya unga, stilwaya na brashi ya kusugulia sakafu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeshuka Marangu, breki imekanyagwa njia nzima, rimu za mbele zinaunguza mkono. Yeye hana habari: akamwaga ndoo ya maji baridi, mvuke ukafuka. Nikamwambia diski ya breki ikiwa ya moto namna hiyo inaweza kupinda, aiache ipoe kwanza. Akanijibu, "Usijali, mzee, tumezoea." Kisha akashika stilwaya kutoa ule unga mweusi ulioshika rimu. Unga ule ni chuma na vumbi la pedi za breki, na unatoka kwa sabuni, brashi laini na subira. Stilwaya inautoa pia, ila inaondoka na rangi.

Likaja suala la dawa. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko. Nikainusa.

"Kijana, hii si dizeli?"

"Ni dawa ya tairi, mzee."

"Imetengenezwa wapi?"

"Hapa hapa."

Akalinyunyizia tairi lote, ubavuni na pale linapokanyaga barabara, kana kwamba gari linakwenda kwenye onyesho na halitafunga breki tena maishani. Likawa jeusi tii. Shemeji akapiga picha. Tulipotoka tu, tairi likazungusha dawa yake na kuitema yote mlangoni, kwenye rangi iliyooshwa muda si mrefu. Kufika Kahe, vumbi lililokuwa likipita zake likapata pa kunata.

Kinachoniudhi ni kwamba weusi wenyewe tayari umelipiwa. Mpira wa asili ni mweupe kama maziwa. Weusi wa tairi ni masizi yanayochanganywa kiwandani ili liwe gumu na lidumu. Na ile rangi ya kahawia inayojitokeza ubavuni, ambayo watu huisugua kwa hasira, kwa sehemu kubwa ni kinga iliyowekwa na kiwanda ili mpira usipasuke kwa hewa na jua. Inatoka yenyewe ndani ya mpira taratibu kadiri tairi linavyotembea. Sisi tunaisugua mpaka iishe, halafu tunapaka dizeli, ambayo inaula mpira. Kama ni lazima ling'ae, zipo dawa za dukani zisizo na mafuta ya petroli. Zinapakwa ubavuni tu, kidogo kwa kitambaa.

Siku ya pili nikamgeukia shemeji mwenyewe. Gari lake matairi yanameta, unaweza kunyolea ndevu. Nikachuchumaa, nikapapasa kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga barabara: kipara! Vile vipande vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya tairi, vinavyoonyesha kwamba kina kimebaki milimita 1.6, vilishalingana na tairi lenyewe. Nikasoma zile tarakimu nne za ubavuni: 0714. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 7 ya mwaka 2014.

"Shemeji, tairi hili lilizaliwa kabla hujaoa."

"Lakini linang'aa."

Hapo nikanyamaza, nikaenda zangu stesheni kupunga upepo. Kahe ndipo reli ya Tanga ilipokutana na ile ya kutoka Voi, iliyoletwa na Waingereza mwaka 1916 wakati wa vita. Gurudumu la treni juani linameta pale linapokutana na reli, bila dawa wala brashi. Linang'aa panapofanya kazi. Matairi yetu yanang'aa pasipofanya kazi, na panapofanya kazi ni vipara, halafu mtu anataka kuteremka nayo Marangu mvua za vuli zikinyesha.

Nilirudi nikakuta wajomba wameteremsha gari mferejini "kulimwagia maji kidogo". Povu na mafuta vinaelekea kwenye mpunga wa watu wanaogombania zamu ya maji usiku na mchana. Hilo sikulichekea.

Kwa hiyo, ndugu zetu mnaokuja Desemba, karibuni sana. Matairi osheni kwa maji ya ndoo na sabuni, rimu zikiwa zimepoa, mbali na mfereji. Dizeli muiache kwenye trekta. Na kabla ya kuuliza kama tairi linang'aa, chuchumaeni, pitisheni kidole kwenye kashata na msome mwaka wake. Likiwa kipara, hela ya dawa ianzie kununua tairi jingine.