Umesoma Kiingereza, Umerudi Tukuyu: Mwongozo wa Ajira

Hongera, ndugu mhitimu. Umemaliza miaka mitatu ya lugha na fasihi ya Kiingereza, umevaa joho, umepigwa picha na maua ya plastiki, na basi la kutoka Mbeya limekushusha stendi ya Tukuyu mvua ikinyesha. Mvua isikutishe. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazonyeshewa sana nchini, na wenyeji hawaihesabu kuwa habari. Habari ni wewe. Kuanzia Katumba hadi Kiwira imeshajulikana kwamba mtoto wa fulani amerudi na Kiingereza chote, na kinachosubiriwa sasa ni kuona kitaleta nini nyumbani.

Jambo la kwanza ni kuficha ulichosoma. Aliyesoma uuguzi anawapima watu presha. Aliyesoma kilimo anaitwa shambani kuangalia miparachichi inayopukutisha maua. Wewe ukisema "fasihi", mama mdogo atakuuliza, tena kwa upole, "Yaani miaka yote hiyo, mwanangu, mlikuwa mnasoma hadithi?" Ukikubali, umekwisha. Ukikataa, umedanganya. Sema umesomea lugha, kisha omba maji ya kunywa.

Jambo la pili ni ualimu, na hapa huna hiari. Siku ulipopangiwa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano, ukoo mzima ulishakuajiri kichwani. Mtaani unaitwa ticha hata kabla begi halijashushwa. Njia rasmi inapita Sekretarieti ya Ajira: fungua akaunti kwenye Ajira Portal, pakia vyeti, subiri tangazo, kisha nenda kwenye usaili wa mchujo. Ukumbini utakuta mliomaliza pamoja, waliomaliza wewe ukiwa bado kidato cha nne, na yule aliyekufundisha kwa tempo kidato cha pili. Msalimie kwa heshima zote. Naye amefuata nafasi hiyohiyo.

Wakati matokeo yanasubiriwa, jitolee. Shule ya kata itakupokea kwa mikono miwili, itakukabidhi vipindi vyote vya Kiingereza, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwisho wa mwezi itakupa shukrani. "Ndaga fijo, mwalimu," atasema mzazi mmoja, na mkungu wa ndizi juu. Usiudharau mkungu. Ndiyo malipo pekee ambayo Bodi ya Mikopo haijapata namna ya kuyakata asilimia 15.

Tahadhari moja darasani: ukifika kwenye The Black Hermit ya Ngũgĩ, tamthilia iliyokaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu vya sekondari zetu, fundisha haraka. Inamhusu Remi, kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu, ambaye amejichimbia mjini na hataki kurudi kijijini. Darasa litakusikiliza kwa makini, kisha mkono mmoja utanyooshwa nyuma kabisa: "Mwalimu, sasa wewe ulirudi kwa nini?" Hakuna kitini chenye jibu.

Wenye haraka ya mshahara huelekea shule za mchepuo wa Kiingereza. Huko kazi ipo, na masharti yake ni mepesi kuyashika. Mzazi aliyeuza chai, ndizi na viazi mwaka mzima hakuja kununua sarufi. Amekuja kununua sauti. Kwa hiyo siku ya kulipa ada simama karibu na dirisha la mhasibu, uwaambie watoto wapange mstari, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika getini. Mtoto wa chekechea afundishwe kusema jina lake, la shule yake na la nchi yake bila kuvuta pumzi. Akiyasema hayo mbele ya bibi yake pale Kyimbila, umehakikishiwa ada ya muhula ujao. Kuhusu kile kibao anachovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akisema Kiswahili, mwongozo huu hauna mzaha wa kutosha. Nitasema tu kwamba mara nyingi kinatolewa na walimu ambao wakifunga mlango wa ofisi yao wanaongea Kinyakyusa.

Ukichoka na chaki, kuna utalii. Wilaya imejaliwa: ziwa Ngozi ndani ya kreta yake, Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe, na mlima Rungwe wenyewe, unaokaribia mita 3,000. Upungufu ni mmoja tu, wageni. Wazungu wengi wanaoshuka Tanzania wanakwenda Serengeti na Zanzibar, na anayefika Tukuyu mara nyingi amepanga safari yake mwenyewe, ana ramani kwenye simu, na anataka kujizoeza Kiswahili. Atakusalimia "shikamoo" akiwa amekuzidi miaka thelathini. Itikia. Una mkopo wa kulipa.

Lakini usiikatie tamaa misitu ya Rungwe, maana humo ndimo ilimothibitika thamani halisi ya Kiingereza. Wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja kima mmoja wa milimani, mwenye haya, anayeitwa kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliosikia habari zake walimwona kwa macho yao, 2005 wakamwandika katika jarida la Science, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ambayo haikuwahi kuwapo kwenye vitabu. Dunia ikatangaziwa kwamba kima mpya amegunduliwa. Sina ugomvi na watafiti. Walifanya kazi yao vizuri, na bila wao huenda misitu ile isingetazamwa kwa jicho la huruma. Ninachokuonyesha ni ajira. Tembea kijijini na daftari, sikiliza kila kitu ambacho wazee wanakijua tangu utotoni, kisha kigundue kwa Kiingereza.

Kazi hiyo ina historia hapahapa. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe wakiwachunguza Wanyakyusa, na kitabu cha Monica kiitwacho Good Company, kilichotoka 1951, kinasomwa mpaka leo kwenye vyuo vya anthropolojia. Aliyewafanyia kazi ya ukalimani na ukarani alikuwa Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Watafiti wa baadaye wamemrudishia jina lake, ila kwenye majalada ya vitabu vya Wilson halipo. Kwa hiyo ukipata kazi ya aina hiyo, kubalianeni mapema kuhusu jalada.

Mpakani je? Kasumulu si mbali, na ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, ambako Kiingereza ni lugha rasmi. Kwenye karatasi ni ajira tele: ukalimani, fomu za forodha, madereva wa malori. Nenda ukajionee. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanaongea lugha zinazokaribiana kiasi cha kupatana bei ya mchele bila kukuhitaji. Wataelewana, watacheka, watakuuliza unauza nini.

Ngazi za juu zipo pia, nisije nikaonekana mkatishaji tamaa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akafundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Mpango huo unaigika: andika riwaya kumi, usubiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi ya 1969, lakini tukumbuke kwamba alikuwa na kazi nyingine. Upo pia mpango wa Fulbright wa Marekani unaochukua walimu vijana wa Kiingereza, Watanzania wakiwemo, na kuwapeleka vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Wanakwenda kufundisha Kiswahili. Ukipata nafasi hiyo usicheke kwenye usaili.

Na kwa wanaodhani Kiingereza chenyewe hakitachakaa, wakaangalie boma la Tukuyu. Mji huu uliitwa Neu Langenburg, na wamisionari wa Kimoraviani waliofungua kituo chao Rungwe 1891 walikuwa Wajerumani. Waliojikusanyia Kijerumani kidogo cha kuwafaa bomani waliamka siku moja mwaka 1916 wakakuta Waingereza. Sasa na Kiingereza kimeanza kusogezwa: 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wahitimu wengi waliipokea habari hiyo kama msiba. Walikosea hesabu. Sheria mamia zilizokuwa kwa Kiingereza zikahitaji watu wanaozielewa pande zote mbili, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililopo tangu 1967, likazidi kuwa mlango wa kugongwa na kila mwenye tafsiri ya kuthibitishwa. Kiingereza kinapoondoka mahali huacha karatasi nyingi nyuma.

Hapo ndipo tunafika kwenye ajira ambayo haimo kwenye kipeperushi chochote cha chuo. Iko kwenye steshenari karibu na stendi: meza moja, kompyuta moja, printa inayokwama, na benchi la wateja. Mmiliki anataka mtu anayejua Kiingereza, na wewe unajua kuliko yeye. Asubuhi utaandika wasifu wa kijana anayeomba kazi kiwandani. Saa nne utamjazia binti fomu ya mkopo wa chuo. Mchana atakuja mhitimu mwenzako, aibu tupu, umsaidie Ajira Portal iliyomkatalia cheti, naye atakulipa elfu mbili kwa nafasi unayoiomba na wewe. Atakuja mwenye Noah aliyetumiwa nyaraka za gari kutoka Japani. Atakuja mzee ametoka hospitali ya Makandana na karatasi ya daktari. Hiyo msomee herufi tu, ugonjwa usiuguse, mrudishe kwa daktari akaelezwe vizuri.

Halafu atakuja mama mkulima, ameufunga mkataba kwenye mfuko wa nailoni usilowe. Mnunuzi wa parachichi kautuma, kurasa nane, Kiingereza kitupu, na ameambiwa kila mtu kijijini ameshatia saini. "Mwanangu, nisomee tu pale penye bei." Wewe soma zote nane. Miaka mitatu umefundishwa kutafuta kinachosemwa chini ya kinachosemwa, nani anazungumza na nani amenyamazishwa, na kwa nini sentensi ndefu kuliko zote imewekwa mwishoni. Hakuna shairi litakalokulipa ustadi huo kama kifungu cha tunda lililokataliwa: nani anaamua kwamba limekataliwa, lini, na hasara ni ya nani. Mweleze mama kwa Kiswahili, na pale panapokaza, kwa Kinyakyusa. Atakaa kimya. Kisha atauliza maswali matatu ambayo mwandishi wa mkataba hakutarajia aulizwe na mtu yeyote Rungwe.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizotajwa humu, Nobel ukiiweka pembeni. Haina joho, haina usaili, na foleni yake siku ya soko inafika barabarani. Ukoo utaendelea kuuliza utaajiriwa lini. Wajibu kwamba umo kwenye mchakato.

Na wewe msomaji ambaye hukusoma Kiingereza, ukasoma mwongozo huu kwa kuwachungulia waliokisoma: mnunuzi akikuletea mkataba ambao hujui lugha yake, usitie saini shambani. Mwambie arudi kesho. Upeleke stendi, usomewe wote, na yule kijana mlipe siku hiyohiyo.