Askari Watatu kwa Lango Moja

Siku ya kuvunja kikoba chetu, Desemba, wanachama kumi na tisa walikuwa wamejazana sebuleni kwangu Kimara, soda mkononi, macho kwangu. Mimi ndiye mweka hazina. Nikachomeka flashi, nikafungua folda ya hesabu, hesabu hakuna. Kulikuwa na vishale vidogo vilivyopinda tu, zile shotikati, kila kimoja kimebeba jina la folda yangu kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Mama Mwenyekiti akaiweka soda yake chini taratibu. Mweka hazina akisikia chupa ya soda inawekwa chini taratibu, ajue mambo yameharibika.

Hela zilikuwepo, na hata hesabu zilikuwepo. Virusi vya namna ile havifuti kitu. Huyaficha mafaili yako, vikaweka shotikati mahali pake, ukibofya umevizindua mwenyewe kwa mkono wako. Nilivipata steshenari, nilikokwenda kuchapisha muhtasari wa kikao. Kompyuta ya pale imechomekwa flashi za mtaa mzima: za wanachuo, za madijei wa harusi, za kwaya. Nikamkimbilia kijana wa pale pale, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika amri ya mstari mmoja, mafaili yakarudi. Elfu mbili. Aliyeniambukiza ndiye aliyenitibu, na mara zote mbili nimemlipa.

Usiku ule nikaapa kuweka antivairasi.

Nilianza na ya kujaribu, siku 30 bure. Siku za kwanza ilikuwa na heshima zake. Ilipofika siku ya ishirini ikaanza tabia za mwenye nyumba: kila nikiwasha kompyuta inachungulia kwenye kona ya chini na kunikumbusha siku zilizobaki. Ilipofika siku ya thelathini ikawa nyekundu kuanzia juu hadi chini, ikatangaza kwamba niko hatarini. Mke wangu alipita nyuma yangu, akasoma, akauliza kama ni deni la kausha damu.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingilia kati. Huyu anasoma chuo, na kwake kununua programu ni dalili ya uzee. "Anko, unanunuaje antivairasi? Nakuletea ya kukreki, leseni mpaka mwaka 2099." Nikapiga hesabu. Kwa mwaka huo, antivairasi ingenizika mimi, ikamzika na yeye. Nikakubali.

Ilikuja na maelekezo ndani ya faili dogo, na mstari wa kwanza ulisema hivi: kabla ya kuanza, zima antivairasi yako.

Naomba msomaji atue hapa kidogo, maana mimi sikutua. Mtu nisiyemjua, asiye na jina wala mtaa, ananiletea mlinzi wa bure, na sharti lake ni kwamba kwanza nimfukuze aliyepo getini, nifungue geti, nizime na taa. Nami nikafanya yote hayo, tena kwa bando langu mwenyewe. Mpwa wangu akaniambia ni kawaida, "zinaonaga wivu tu, Anko." Wiki ile ile kompyuta ikaanza kujifungulia kurasa za kubeti saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Mlinzi mpya hakusema neno. Nadhani walikuwa wanafahamiana.

Kuna kisa kimoja cha zamani ninachokipenda kuhusu mambo haya. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain, mojawapo ya virusi vya kwanza kabisa vya kompyuta aina ya PC, na kwa maelezo yao wenyewe lengo lilikuwa kuwabana watu waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa. Ndani ya kirusi hicho waliweka majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Virusi vya zamani vilikuwa na adabu: vikikusumbua unajua pa kwenda kugombana. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba kumbe ugomvi wenyewe ulianzia kwa watu kama mpwa wangu.

Basi nikapanda mwendokasi hadi Kariakoo, nikiwa na pesa taslimu na nia njema. Muuzaji akanitazama usoni, akajua. "Mzee wangu, unataka ya kifaa kimoja au ya vitatu?" Mimi nilidhani leseni ni kama ya udereva: ukishaipata ni yako, uendeshe gari lolote. Akanielewesha kwamba hii inahesabu vifaa na inahesabu siku, na mwaka ukiisha unalipia upya. Ni kodi ya pango, siyo kiwanja. Nikachukua ya vifaa vitatu, boksi kubwa linalong'aa. Nilipolifungua nyumbani ndani hamkuwa na sidii, na afadhali, kwa sababu kompyuta yangu haina pa kuitia. Kulikuwa na kadi moja ya kukwangua, kama vocha ya simu. Boksi la ukubwa ule kwa kadi ile ni sawa na kukodi fuso kubeba kiberiti.

Nikakwangua kwa sarafu ya mia mbili, kwa nguvu za mtu mwenye hasira. Herufi mbili zikaondoka na rangi. Ya nne ilikuwa ama B ama 8, na ya kumi na moja ama O ama sifuri. Jioni nzima tulikaa na mke wangu kama watu wanaosoma maandishi ya kaburi la kale. Jaribio la nne likakubali. Kisha kompyuta ikanijulisha, kwa upole, kwamba leseni hii ni ya kutumika eneo jingine la dunia.

Nikarudi dukani kesho yake. "Mzee wangu, ikishakwanguliwa hairudi." Nikaenda duka la tatu kutoka pale, nikasoma boksi pande zote sita, nikanunua tena. Safari hii nilikwangua kwa ukucha.

Ikaingia. Sasa kompyuta ikawa na askari watatu: yule wa siku 30 aliyegoma kuondoka, yule wa 2099, na huyu mwenye risiti. Kila mmoja akawa anawapekua wenzake. Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga, na kufungua barua moja kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Mwenye risiti alimkamata wa 2099 kwa kosa la kuwa kirusi, jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi. Baada ya hapo akakamata faili moja zaidi: hesabu za kikoba. Mpwa wangu alikuwa ameliwekea makro ili lijumlishe hisa lenyewe, na mlinzi hakupenda sura yake.

Kikao cha mwezi ule Mama Mwenyekiti akauliza, "Mweka hazina, hesabu ziko wapi?"

"Ziko karantini, mama."

Tangu mwaka 2020 hakuna asiyelijua neno hilo. Mama mmoja akasogeza kiti nyuma.

Fundi niliyemwita aliwaondoa wote wawili wasiostahili, akalitoa faili kifungoni, kisha akaniuliza kwa nini nilinunua. Akanionyesha kwamba Windows inakuja na mlinzi wake, Defender, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, hana malipo wala kadi ya kukwangua. Alikuwepo kwangu tangu siku ya kwanza. Ndiye yule tuliyemzima tulipofuata mstari wa kwanza wa maelekezo ya mpwa wangu. Niliposikia hivyo nilimwomba fundi asimwambie mke wangu. Akamwambia.

Sasa kikoba kina kaunta buku, kwa amri ya Mwenyekiti, na kompyuta inanakili tu kilichoandikwa humo. Leseni yangu imebakiza siku 211 na nafasi mbili za vifaa ziko wazi. Jirani anayezitaka anione jioni, ila flashi yake aiache kwake.