Kioo Kilichoganda Juu

Mdogo wangu aliinunua kamera hiyo Kinshasa, mtumba, Pentax K1000 ya filamu, akampa mtu wa boti atuletee. Mpaka Kisangani mto una zaidi ya kilomita 1,700, na mzigo hukaa majuma kwa majuma katika joto na unyevu. Ilipofika kwetu, komini ya Tshopo, chuma kilikuwa kizima kabisa. Lakini ukibonyeza kitufe, kioo cha ndani kinaruka juu na kubaki hukohuko. Ukichungulia, giza tupu.

Koko, mzee wa nyumba yetu, alikuwa ameshautangazia ukoo kwamba Jumapili anapigwa picha. Albamu yake iliungua Juni 2000, zile siku sita majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini, na tangu hapo picha za simu kwake si picha. Anataka ya kushika mkononi. Basi meza ya chakula ikawa karakana, sombe na wali vikahamia mkekani, na mke wangu akavumilia.

K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na mimi naipenda kwa jambo moja: kazi yote hufanywa na meno na springi. Betri ni ya kipima mwanga tu. Kinachooza ni sponji. Pale kioo kinapopandia pana kipande chembamba cha kukipokea kisigonge, na kwa miaka mingi unyevu na joto hukigeuza lami. Kioo kikipanda, kinanaswa. Nilikibandua polepole kwa kijiti cha meno, nikigusa ukingo tu, maana utando wake wa kuakisi umepakwa upande wa mbele. Kidole kimoja kinauharibu.

Lami ile huyeyushwa kwa spiriti. Shangazi akatoka chumbani na chupa ya lotoko, pombe kali ya kienyeji, akiapa kwamba inang'oa hata rangi ya mlango. Nilimshukuru, nikaiweka kando: mna maji ndani yake, na maji na chuma havipatani. Kijana wetu akapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi farmasia moja ya komini ya Makiso kuleta spiriti. Aliporudi, umeme ukakatika. Nikamshikisha mdogo wake tochi, nikafunika skrini ya juu kwa karatasi, kwani ni ya plastiki na spiriti huifanya ukungu. Nikaanza kukwangua. Mtoto akapiga chafya. Masizi ya sponji yakaruka mezani na kutua kwenye kitambaa cheupe alichokidarizi mke wangu kwa ajili ya komunyo ya binti yetu. Hapo uvumilivu ukaisha, na haki ilikuwa yake. Doa lile halikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

Ilibaki mifereji ya mlango wa nyuma, ambayo sponji yake nayo ilikuwa imekwisha. Mwanga ukipenya hapo, filamu inaungua michirizi. Uani yaya alikuwa anasukwa nywele kwa uzi mweusi wa sufu. Aliukata bila kuuliza mara mbili, nao ukalala mferejini vizuri sana. Sponji ya kioo ilipatikana kwenye mfuko wa kompyuta uliochakaa. Niliikata iwe nyembamba, maana ikizidi unene kioo hakifiki juu na kivuli chake huingia kwenye picha.

Bila filamu, mlango wa nyuma ukiwa wazi, niliweka kasi ya B, ambayo pazia hukaa wazi mpaka uachie kitufe, nikabonyeza. Pazia likafunguka, nikauona uso wa Koko kupitia lenzi, kichwa chini miguu juu. Nikaachia. Pazia likafunga, kioo kikashuka.

Filamu ina picha 36, na Koko ameshazigawa. Nusu ni zake. Shangazi amedai mbili kwa ajili ya lotoko iliyokataliwa. Mke wangu ameomba moja tu, ila amesema haitapigwa mpaka pale mezani pawe na kitambaa kipya.